Istilahi Niliyompa Baba

Mwaka nilipopewa kufundisha historia ya dunia, ile ya kale na ya Enzi za Kati, sikujua hata nianzie wapi. Shule yenyewe ilikuwa ndogo, ya mtu binafsi, pale mjini Muyinga. Mwalimu aliyekuwa na somo hilo aliondoka ghafla, akaacha kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada. Mkuu wa shule akanipa kitabu, akanipa chaki, akaniambia, "We ulisomea Tanzania, utajua." Utajua nini, jamani? Mimi Kifaransa changu ni cha kuombea njia tu. Nilizaliwa kambini, upande wa pili wa mpaka, nikasoma kwa Kiswahili na Kiingereza cha kuokoteza, nikarudi Burundi mwanamke mzima na vitenge viwili na vyeti vyangu ndani ya mfuko wa nailoni.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikaanzisha daftari la istilahi: kushoto neno la Kifaransa, kulia neno la Kiswahili, chini yake maelezo. Karne. Milenia. Zama. Milki. Nasaba. Dola-mji. Chanzo cha kwanza na chanzo cha pili. Nilidhani nikishayapanga maneno, historia yenyewe itajipanga. Loo! Kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyozidi kupotea, na kupotea kwenyewe nikakufanya siri, maana nani atamheshimu mwalimu aliyepotea?

Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya duka la vitenge, kwa mama mmoja Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka India akiwa na mzigo wa nguo. Mama mwenyewe kazaliwa Muyinga, na India hajawahi kuitia mguu. Alasiri wateja wakipungua nilikuwa nakaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta na daftari langu, naye anakunja vitambaa huku akinihoji. Alikuwa na maswali ambayo unayaona mepesi mpaka ufungue mdomo kuyajibu.

"Karne ya tano inaanza mwaka gani?"

"Mia nne na moja."

"Mia nne? Si umesema ya tano?"

"Ndiyo mama. Ya tano ndiyo hiyo ya mia nne na kitu."

"Bon. Na kabla ya Kristo?"

"Kabla ya Kristo miaka inarudi nyuma. Mia tano inatangulia mia nne."

Akaacha kukunja. "Donc mtu anazaliwa mwaka wa mia tano, anakufa mwaka wa mia nne arobaini. Na yeye haoni kama miaka iko inapunguka?"

"Hakujua. Hesabu hiyo iliwekwa baadaye."

"Aka! Na sisi wa Hijra, uko unatuweka wapi?"

Nikamweka kwenye safu ya tatu, na daftari likazidi kuchafuka. Siku nyingine akanikamata na Enzi za Kati. Kati ya nini na nini? Nikamwambia kati ya zama za kale na zama hizi zetu. Akauliza, na wale watu walijua iko katikati? Nikafunga daftari, nikamwambia, "Mama, niache nisome." Alicheka hadi ushungi ukamtoka. Mimi sikucheka, kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa wameniuliza vilevile asubuhi, na jibu nililowapa hata sitaki kulikumbuka.

Ndipo nikakumbuka njia ya mwalimu wetu wa kambini. Vitabu vya shule nzima vilikuwa vinaingia kwenye sanduku moja, kwa hiyo yeye kila neno jipya alitutuma nyumbani tukalitafutie mtu. Akitufundisha "mpatanishi", kesho yake kila mmoja anakuja na jirani yake mpatanishi. Asiyekuja na mtu anasimama mpaka kengele ilie. Mimi sikusimama hata siku moja. Nilikuwa hodari wa kuwapata watu.

Nikaichukua njia hiyo nzimanzima. Nasaba nikampa mama mwenye duka: babu, baba, yeye, kaunta ileile. Nilipomsomea alifurahi wiki nzima, kila mteja anaambiwa, "Mi iko nasaba." Chanzo cha kwanza nikampa bibi mmoja wa Gashoho anayeleta mihogo sokoni, maana hadithi zake zote zinaanza na "mimi mwenyewe niliona". Chanzo cha pili nikampa mkuu wa shule, ambaye kila kitu kaambiwa. Wanafunzi wakaanza kushika. Na mimi nikaanza kuvimba kichwa.

Tukafika kwenye ukabaila. Kitabu kilikuwa na kurasa tatu za ukabaila wa Ulaya, nikazipitia na kamusi kwa siku mbili. Kabaila nikamwelewa: bwana mwenye ardhi na watu. Mtwana nikamwelewa. Kibaraka ndiye aliyenisumbua, nikaandika hivi: "Kibaraka: mtu aliyepewa ardhi au mali na kabaila, naye kwa kupewa huko akawa mtu wake, humheshimu mbele ya watu, humtumikia, na humpelekea sehemu ya anachokipata." Kalamu iko hewani, najiuliza nimweke nani. Ghafla baba yangu akanijia kichwani. Nikasoma tena maelezo, kipengele kwa kipengele, na kila kimoja kilimkaa sawasawa. Nikaandika: "Mfano: baba."

Lazima niseme habari za baba, la sivyo mtaniona mwehu bure.

Baba alikimbia Ryansoro, huko mkoani Gitega, akiwa kijana wa kuchunga mbuzi. Alirudi ana mvi kichwa kizima. Shamba la baba yake alilipata, kipande chembamba kati ya mikaratusi, lakini watu aliowaacha hakuwapata. Kilima kizima kilikuwa na sura mpya, na sura hizo zilimwita "Mtanzania". Mtanzania kapita. Mtanzania kanunua jembe. Yeye ambaye kitovu chake kimezikwa palepale! Mtu mmoja tu ndiye aliyemtambua, mzee mmoja waliyechunga naye mbuzi utotoni. Mzee huyo alimwangalia siku ya kwanza, akamtajia jina la baba yake na la babu yake, kisha akamwambia, "Njoo uniombe ng'ombe."

Kwetu ng'ombe wa namna hiyo hanunuliwi. Unamwomba mtu mbele ya watu, kwa maneno yaliyopangwa, naye akikupa, hicho ndicho Warundi wanachokiita kugabira. Kuanzia hapo ninyi si majirani tena. Ukipika pombe ya ndizi, mtungi wa kwanza ni wake. Ua wake ukianguka, unakwenda kuusimamisha. Unavua kofia unapoingia kwake. Na ng'ombe akizaa ndama jike, akishaachishwa, mtamba huyo unampelekea aliyekupa, kwa sherehe. Baba alipopata ng'ombe yule, kilima kilibadilika. Wazee kule husalimiana "Amashyo", yaani uwe na makundi ya ng'ombe, na kabla ya hapo hakuna aliyemsalimu baba hivyo. Sasa wakamsalimu. Baba hakuwa na kitu kingine Ryansoro: ndugu wamekwisha, mama yetu tulimzika kambini. Alikuwa na ng'ombe mmoja na mtu mmoja.

Likizo ya Pasaka nikaenda kumwona, daftari kwapani. Nilimkuta anamsugua mtamba kwa maji na majani, mtamba mweusi mwenye doa jeupe shingoni, anang'aa.

"Baba, huyu unampeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe. Jumamosi."

"Mwenyewe nani? Kazaliwa kwako, majani umekata wewe, umeamka naye wewe!"

"Ndivyo inavyofanywa."

Nikapandwa na hasira, siwaongopei. Nilimwona baba yangu, miaka yote ile ya kupanga foleni na kadi ya mgao mkononi, karudi kwao kuvua kofia kwa mtu aliyemzidi ng'ombe tu. Nikafungua daftari nikamsomea kibaraka, neno kwa neno, nikimtafsiria kwa Kirundi. Alisikiliza huku mkono wake uko mgongoni mwa mtamba.

"Huyo mtu wa kwenye daftari ni wa wapi?" akauliza.

"Ulaya. Enzi za Kati."

"Alikuwa na ng'ombe?"

"Alipewa ardhi."

"Mimi ardhi ni ya baba yangu."

"Baba, hoja si hiyo! Hoja ni kwamba ukimpelekea huyu, halafu na pombe, halafu na kofia, haitaisha. Utakufa mtu wa mtu. Mpe mtamba, sawa, lakini mmalizane. Iandikwe."

Akaendelea kumsugua mtamba. Kisha akasema lile neno ambalo amekuwa akiniambia tangu nilipojua kusoma: "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu." Baba hakukanyaga darasani hata wiki mbili. Kwake mimi kusoma ni kitu ambacho hakibishwi. Nami nikachukua ule unyenyekevu wake nikauita kukubali.

Kesho yake nikashuka Gitega mjini, mtaa wa Magarama, kwenye kibanda cha kupiga chapa na fotokopi. Mama wa kompyuta akachapa huku namsomea: kwamba kwa kutolewa mtamba huyu, kuanzia leo pande zote mbili hazidaiani chochote tena, si heshima, si utumishi, si zawadi. Akafika hapo akasimamisha vidole.

"Hii iko ya talaka?"

"Si talaka. Ni ya ng'ombe."

"Ng'ombe ameachika?"

Nikamwambia achape tu. Nilitoka pale na nakala mbili na kidau cha wino, najiona mimi ndiye nimekuja kuumaliza ukabaila Ryansoro. Mjuaji mkubwa!

Jumamosi tukaenda. Ua wa mzee umefagiliwa, watu kama kumi na watano wamekaa kwenye vigoda na mikeka, mtungi wa pombe katikati na mirija yake. Baba alivaa koti lake la harusi za watu. Akasimama, akatoa maneno yake ya shukrani, mazuri, sikujua baba anajua kusema hivyo: alimtaja mzee, akataja mbuzi zao za utotoni, akasema mtu aliyerudi bila kutambuliwa hajarudi. Watu wakapiga makofi. Mzee akainuka, akaweka kiganja kwenye mgongo wa mtamba, akamtazama, macho yakamlowa. Ilitakiwa ziimbwe nyimbo sasa. Mimi nikasimama na karatasi yangu.

Nilisoma kwa Kirundi changu cha kambini, kwa sauti ya darasani. Nilipomaliza, kimya. Nikadhani wameguswa. Kweli kabisa, nilidhani hivyo.

"Soma tena," mzee akasema.

Nikasoma tena.

"Pande mbili. Upande mmoja ni mimi?"

"Ndiyo, Muzee."

"Na wa pili?"

"Ni baba."

Mzee akamgeukia baba. Hakuniangalia mimi kabisa. "Umeiandika wewe hii?"

Kila mtu pale alijua baba hajui kuandika. Mimi nilikwishafungua mdomo niseme ni yangu, tena kwa majivuno, maana bado nilikuwa sijaelewa kitu. Baba akanitupia jicho lilelile la utotoni, la kukalisha mtoto chini. Nikakaa.

"Ni mimi," baba akasema.

Mzee akaichukua karatasi mkononi mwangu. Kisha akanyoosha mkono akataka wino. Akatia kidole. Baba akatia kidole. Hakuna aliyeimba. Watu walinyonya mirija yao mara mbili tatu kwa adabu, kila mmoja akakumbuka kazi nyumbani kwake. Njiani nikamuuliza baba kama amefurahi. Akasema amechoka.

Niliporudi Muyinga nilimsimulia mama mwenye duka, nikitegemea anisifu. Aliacha mkasi juu ya kitambaa.

"Ulimsomea karatasi? Muzee wa watu? Mbele ya watu?"

"Ilikuwa lazima iwe wazi."

"Wallahi, mwalimu, we iko hatari." Akavuta kigoda akakaa, jambo ambalo hafanyi duka likiwa wazi. "Sikia. Kila Idi mi natuma sahani kwa jirani, ule Mkristo wa pale. Noeli anarudisha sahani, iko na kitu ndani. Miaka ishirini. Siku moja mi namwandikia eti, mama, sahani zimeisha, hatudaiani. Yeye ataelewa nini?"

"Hiyo ni tofauti. Jirani yako si kabaila."

"Anajuaje huyo muzee kama yeye iko kabaila? Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilirudi chumbani nikafungua daftari. Kupewa mali: ndiyo. Kumheshimu mbele ya watu: ndiyo. Kumtumikia: ndiyo. Kumpelekea sehemu: ndiyo. Kila kipengele kilikuwa sahihi, sasa kosa limeingilia wapi? Nikajaribu kumwondoa baba nimweke mtu mwingine, nikashindwa. Nikajaribu kubadili maelezo, nikaona nakidanganya kitabu. Darasani nikaruka ukabaila nikaenda kwenye misafara ya chumvi, wanafunzi wakaniuliza kwa nini, nikawafokea bure maskini.

Kwenye simu baba alikuwa hanilalamikii. Ng'ombe hajambo. Maharage yametoa maua. Nikimuuliza mzee anasema hajamwona, na nyumba zao ziko mahali ambapo ukipiga chafya huku unasikika kule. Wiki zikapita hivyo. Mara nikawa naota namtafuta baba kwenye daftari na simwoni ukurasa wowote.

Julai shule zilipofungwa nikaenda Ryansoro tena. Niliposhuka kwenye pikipiki, mama mmoja aliyekuwa anapalilia kando ya barabara akanyoosha jembe kunionyesha njia, kwa wema kabisa: "Unakwenda kwa Mtanzania? Shika kushoto."

Nilimkuta baba amekaa mbele ya nyumba, kakonda, na ua wake upande mmoja umelala chini. Ua ukilala hivyo huwa wanaume wanne watano wanakuja asubuhi moja wanauinua. Hakuna aliyekuja. Nikamwambia twende kwa mzee, tukamwambie ukweli.

"Ukweli gani?"

"Kwamba karatasi ni yangu!"

"Nilisema ni mimi. Mtu hawezi kusema ni yeye, halafu akasema si yeye."

"Kwa nini ulisema hivyo, baba?"

"Ungetaka nisemeje?" akasema, akainama akaanza kuchambua maharage ambayo yalikwishachambuliwa. Nikaondoka. Nikamsikia nyuma yangu ananiita nisiende, nikajifanya sisikii.

Mzee alikuwa peke yake uani. Mtamba wetu amefungwa chini ya ukuta, amekua, doa lake jeupe lipo palepale. Alinikaribisha, akaniita mwalimu, akanionyesha kigoda. Sikukaa.

"Muzee, ile karatasi niliiandika mimi. Baba hakujua hata kilichomo."

"Najua."

"Unajua?"

"Baba yako na mimi shule tulitoroka siku moja, kupitia dirisha moja. Aandike na nini?"

"Sasa kwa nini ulitia kidole?"

Akafikiri kidogo, si kwamba hakuwa na jibu, ila alikuwa anatafuta namna ya kunipa bila kuniumiza. Niliona hivyo, na ndivyo nilivyoumia zaidi. "Baba yako alisema ni yeye," akasema. "Ningekataa, ningemlazimisha aseme mbele ya watu kwamba ni wewe. Ndio kwanza umekuwa mwalimu. Watu wa hapa wasingekusahau. Yeye aliona heri aibu impate yeye. Mimi nikamwachia."

Yaani wazee wawili, mbele ya watu kumi na watano, bila kusemezana hata neno, walikubaliana waachane wao ili mimi nisiaibike. Na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao na kidau cha wino, nikidhani nawakomboa. Nililia, jamani. Nililia kwa sauti, kilio kibaya cha mtu mzima, kamasi na yote. Mzee akangoja nimalize.

"Kwenye daftari lako baba yako anaitwa kibaraka, nilisikia kwa majirani," akasema. "Na mimi naitwa nani?"

"Kabaila."

"Ndiye nani?"

"Bwana. Mwenye ardhi na watu."

Akageuza kichwa taratibu akautazama ua wake, kigoda changu kitupu, mlango wa nyumba, jiko lisilo na moshi. "Mwenye watu," akasema. Hakusema kwa hasira. "Wanangu watatu wako mbali, mmoja sijui hata nchi gani. Mama yao nilimzika. Baba yako aliporudi nilisema, Mungu ameniletea mtu. Nilimpa ng'ombe ili awepo mtu wa kuingia kwenye ua huu. Siku ile ulinisomea kwamba hatakiwi kuingia tena."

Daftari halikuwa na neno la hilo, kushoto wala kulia. Nikamuuliza nifanye nini.

"Mimi siwezi kwenda kwake, nimetia kidole. Yeye hawezi kuja, ametia kidole." Akaninyooshea kidole chenyewe. "Wewe hukutia."

Ilinichukua muda kuelewa: nikiomba mimi, nyumba yetu na yake zina ng'ombe kati yao tena. Kisha nikapiga magoti palepale kwenye vumbi nikasema, Muzee, naomba ng'ombe.

"Hapana. Hivyo unaomba kalamu. Ng'ombe anaombwa vizuri."

Nikaanza upya. Nikamtaja yeye, nikamtaja baba yake kwa jina alilonipa palepale, nikataja mbuzi waliowachunga, nikanyoosha mikono yote miwili. Nilikosea mara tatu naye akanirekebisha mara tatu, mara ya mwisho tayari anacheka mabega yakimtikisika. "Miaka yote hii sijaombwa ng'ombe na mwanamke," akasema. Akaenda ukutani akafungua kamba, akaniwekea mkononi. Nikauliza sasa nimekuwa nani wake, akasema hilo nikamuulize mwenye daftari.

Nilishuka na mtamba, ananivuta zaidi ya ninavyomvuta. Baba alikuwa amesimama penye ule ua ulioanguka, mkono juu ya macho kuzuia jua. Alimtambua mtamba kabla hajanitambua mimi.

"Nani kakupa?"

"Nimeomba."

"Umeomba wewe?"

"Nimeomba, baba. Kanipa."

Alinitazama usoni, kwenye magoti yangu yenye vumbi, kisha akatazama juu kwa mzee. Alipita mbele yangu, akalivuka lile pengo la ua, akaanza kupanda kilima kwa mwendo ambao sikujua kama bado anao. Niliita, "Baba, kofia yako!" hakugeuka. Nikabaki nimesimama na kamba mkononi, sijui mtamba nimfunge wapi.